Ndogo Mno Kukaa, Kubwa Mno Kupita

Mume wangu anaogopa bunduki, na kazi yake ni bunduki. Wanaolisikia hilo mara ya kwanza hucheka, nami huwaacha wacheke, maana hata mimi nilicheka nilipoolewa. Yeye ndiye mtunza ghala la silaha katika kituo cha walinzi wa mashamba, wale wanaofukuza nguruwe pori na nyani wasimalize mahindi ya watu. Bunduki zote za kituo hupitia mikononi mwake: anazisafisha, anazikagua, anazigawa asubuhi na kuzipokea jioni. Lakini ukimpa bunduki aliyoifungua mwenyewe dakika ile ile, ataifungua tena mbele yako, atazame ndani, ndipo aishike vizuri. Wakati mwingine natamani angeniangalia mimi kwa makini namna ile.

Kituoni wanamwita Milimita. Jina hilo limemkaa kuliko alilopewa na mama yake, kwa sababu ya kalipa anayotembea nayo katika mfuko wa shati. Kalipa ni kile kipimo cha chuma chenye taya mbili. Unabana kitu katikati, unasoma unene wake. Basi kila kitu kwetu kimebanwa. Vikombe vimebanwa, pete yangu imebanwa, hata pua ya mtoto wetu wa kwanza ilibanwa alipokuwa bado mchanga, mpaka nikamfukuza chumbani. Alipokuja kwetu kuposa, baba alimuuliza kazi yake, naye badala ya kujibu kama mkwe mwenye akili akatoa mfukoni risasi tatu za bastola, zisizo na baruti, akazipanga mezani kati ya vikombe vya chai.

"Baba, hizi zote zinaitwa milimita tisa," akasema. "Sasa ziangalie."

Baba akaziangalia. Mama akamwangalia baba. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akaeleza kwamba ganda la ya kwanza lina urefu wa milimita kumi na saba, la pili kumi na nane, la tatu kumi na tisa, na kwamba ile ya kati kichwa chake ni kinene kuliko jina lake, kinazidi tisa kwa robo ya milimita. Jina moja, bastola tatu, na hakuna inayokubali chakula cha mwenzake. "Watu wanakufa kwa kuamini jina," akamalizia, akanywa chai yake. Baba alikubali posa ile, nadhani kwa mshangao tu.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo baadaye nilimwelewa. Kifungo kidogo hupita tundu kubwa bila tatizo, lakini hakikai. Shati litafunguka mbele za watu. Ila kifungo kikikosea ni aibu tu, wala hakimkati mtu mkono.

Nilipata kazi ya kushona na kutia viraka makoti ya walinzi, na cherehani yangu ikawekwa kwenye baraza ya ghala, karibu na dirisha lake. Hapo ndipo nilipoyasikia mafunzo yake mpaka nikayajua kama nyimbo za kubembelezea watoto. Kituo kina bunduki za marisau, zile zinazotema vichuma vidogo vingi kwa mpigo mmoja, nazo ni za aina mbili: namba kumi na mbili na namba ishirini. Kila mlinzi mgeni hudhani ishirini ndiyo kubwa. Milimita hufurahi mno mgeni akikosea hapo, kwa sababu anapata nafasi ya kueleza.

"Namba hii ni ya wazee wa zamani," husema. "Walichukua ratili moja ya madini ya risasi wakaigawa. Ukipata matufe kumi na mawili, kila tufe ni nene, linajaa mtutu mpana. Ukigawa ishirini, kila tufe ni jembamba. Kwa hiyo namba ikipanda, tundu linashuka. Umeelewa au unaitikia tu?"

Wengi waliitikia tu.

Kisha hufika pale anapopaogopa yeye mwenyewe. Risasi ya ishirini ukiitia kwenye bunduki ya kumi na mbili, haikai mahali pake. Inateleza mbele. Chemba ya kumi na mbili, yaani ile sehemu ya nyuma ya mtutu inapolala risasi, ina upana wa milimita ishirini na nusu hivi. Ukingo wa kitako cha ile ndogo ni kumi na tisa na nusu, basi inapita. Lakini mbele ya chemba mtutu unabana hadi kumi na nane na nusu, basi inanasa hapo. Ndogo mno kukaa, kubwa mno kupita. Ukifyatua, inalia tik tu. Ukifungua unaona chemba tupu, unajiambia umesahau kuweka risasi, unaweka nyingine, kubwa hii, ya haki yake. Ukifyatua sasa, ya nyuma inaipiga ya mbele, mtutu umezibwa, na moto hauna pa kwenda ila ubavuni. Mtutu unachanika hapo hapo ulipoweka mkono wa kushoto.

Alikuwa akifika hapo anainua mkono wake wa kushoto, anauangalia, anaushusha.

Dawa ilikuwa rangi. Kubwa ni nyekundu, ndogo ni njano, na kila mlinzi, hata asiyejua kusoma namba, anajua nyekundu na njano. Kwa sababu ya rangi hizo walinzi walijizoesha jambo moja ambalo sijaliona kwingine: waliporudi zamu walimwaga risasi zilizobaki katika debe moja mlangoni, na wanaotoka walichota humo bila hata kuinama vizuri, kama mtu achotaye njugu. Milimita aliliona, akanung'unika, akaliacha. Rangi zilikuwa zinatosha.

Sasa nimseme mdogo wangu. Ndiye wa mwisho kwetu, nimembeba mgongoni, nimempangusa makamasi, na hana subira hata ya kusubiri chai ipoe. Tangu utotoni tunamwita Chapuchapu. Alikuwa amehangaika na vibarua vya hapa na pale, nikambembeleza mume wangu, mume wangu akambembeleza mkuu wa kituo, akaingia ulinzi kwa majaribio. Ili aajiriwe moja kwa moja ilibidi afaulu shabaha. Milimita alimfundisha mwenyewe, na kila jioni alirudi nyumbani amechoka kama mtu aliyefundisha mbuzi kuogelea.

"Ndugu yako anasikia," aliniambia, "ila anasikia huku anacheka."

"Mvumilie, bado kijana."

"Bunduki haijui ujana. Nimemwambia ikilia tik, subiri, fungua, inua mtutu, tazama mwanga. Ukiona mwanga ng'ambo ya pili, mtutu uko wazi. Ukiona giza, weka chini uniite. Anasema, sawa shemeji, sawa shemeji. Mzaha mzaha hutumbuka usaha."

Kulikuwa na sheria moja tu ambayo Chapuchapu aliiitikia bila mzaha, kwa kuwa Milimita aliwatungia wimbo wa gwaride: mtu akionekana mbele, kidole nje. Yaani hata kama filimbi ya kupiga imelia, hata kama nguruwe yuko mdomoni mwa mtutu, ukiona binadamu mbele yako unaondoa kidole kwenye kifyatulio kwanza, maswali baadaye. Waliiimba wakikimbia asubuhi. Mimi nilidhani ni kelele za wanaume tu.

Muda si mrefu kabla ya siku ya shabaha lilikuja boksi jipya la risasi ndogo kutoka kiwanda kingine, na risasi zote zilikuwa nyekundu. Nyekundu ile ile ya zile kubwa! Milimita alipofungua boksi alikaa chini. Alikuta mlinzi mmoja wa bunduki ndogo ameshajichotea kiganja na kwenda zamu. Akazikusanya zilizobaki, akakesha na brashi na kopo la rangi akizipaka njano moja moja, na mlinzi aliporudi akamdai zile alizochukua. Ilipungua moja.

"Nyani walikuwa wengi, nimeipiga," mlinzi akasema.

"Una hakika?"

"Mzee, nitakudanganya kwa risasi?"

Alimdanganya kwa risasi. Alikuwa ameimwaga kwenye debe pamoja na nyingine kwa mazoea, kisha akaona kusema hivyo kutamletea mhadhara wa milimita usiokwisha. Ndiyo hivyo tu. Mtu mzima, mwenye watoto, akaogopa mhadhara.

Siku ya shabaha kulikuwa na jua zuri. Uwanja uko nyuma ya ghala, na kwenye baraza yangu ninauona wote: mstari wa chokaa wanaposimama wapigaji, na mbele kule kichuguu cha udongo chenye mbao za kulenga. Wanapiga mmoja mmoja. Mkuu wa kituo husimama pembeni na filimbi, ikilia, unapiga. Wapigaji huziba masikio kwa pamba, na ni marufuku kumgusa mpigaji kwa nyuma, maana akishtuka kidole hubana chenyewe. Walinzi wengine walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakitaniana. Nilikuwa natia kiraka kwenye kiwiko cha koti, na mume wangu alikuwa amesimama karibu nami, mikono nyuma, anamtazama mwanafunzi wake.

Chapuchapu alichota risasi nyekundu debeni akajaza mfuko, akaenda mstarini na bunduki ya namba kumi na mbili. Aligeuka akanikonyeza. Akatia risasi, akafunga, akaweka kitako begani. Filimbi ikalia.

Tik.

Mabenchi yakacheka. Mtu akasema, "Imeogopa sura yako!" Chapuchapu akafungua bunduki, akachungulia chemba, akaona tupu. Akatugeukia na kutuinulia mabega, meno yote nje, kana kwamba anasema jamani, nimesahau hata kutia. Wakazidi kucheka, nami nikacheka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa nyingine, akaitia, akafunga. Hakutazama mwanga.

Mume wangu hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayeongea na mimi, "Nimemwona akiitia ile ya kwanza." Kisha akasema, "Risasi haiyeyuki."

Nilimwangalia usoni. Nimeishi na uso ule miaka, nimeuona ukiwa na homa, nimeuona msibani, sijawahi kuuona vile. Ulikuwa umekwisha rangi. Nikaelewa papo hapo, maana mafunzo yale nilikuwa nayo kichwani kuliko ndugu yangu: mle ndani ya mtutu mlikuwa na risasi mbili, na mkono wa kushoto wa mdogo wangu ulikuwa chini yake, na shavu lake kando yake.

Nikafungua mdomo nipige yowe. Sauti haikutoka. Hata ingetoka, pamba ilikuwa masikioni mwake. Na mkuu alikuwa ameshainua filimbi.

Milimita akakimbia.

Jamani, mume wangu hakimbii. Hata mvua ikimkuta njiani anatembea. Nilidhani anamwendea Chapuchapu kumshika mkono, nikakumbuka marufuku ya kumgusa, nikaona naye ameikumbuka, kwa sababu alimpita. Alizunguka mwisho wa mstari wa chokaa, akaingia uwanjani, upande ule ambao hakuna mtu anayekwenda, na akasimama mbele ya bunduki. Mbele kabisa! Akafungua mikono yote miwili, kifua kikiwa usawa wa mdomo wa mtutu. Mtu anayefungua bunduki tupu mara mbili kabla ya kuishika! Filimbi ililia wakati ule ule.

Moyo wangu ulisimama. Sisemi kwa kutia chumvi; ulisimama, nikasikia ukimya wake. Niliona kitako begani kwa ndugu yangu, niliona jicho lake moja limefumba, na kidole chake kimeshaingia ndani. Nilimwona mume wangu hapungi mkono, amesimama tu anamtazama. Nikasema moyoni, leo nafiwa na wote wawili, mmoja anakufa na mwingine amemuua, na mimi nimekaa hapa na sindano mkononi. Hakuna aliyesogea pale mabenchini. Mkuu wa kituo alibaki na filimbi midomoni, mashavu yamejaa pumzi.

Kisha kile kidole kikatoka. Kilitoka polepole, kikanyooka, kikalala ubavuni mwa ubao wa bunduki, kama walivyokiimba.

Chapuchapu akafumbua lile jicho jingine. Nadhani hapo tu ndipo alipomtambua aliye mbele yake, maana alielekeza mtutu chini upesi. Mume wangu akafanya ishara ya mikono: fungua. Akafungua. Ishara nyingine: toa. Akatoa ile risasi ya nyuma, ikamponyoka, ikaanguka kwenye majani. Ndipo Milimita akasogea, akachukua bunduki, akainua mtutu usawa wa uso wa ndugu yangu ili atazame ndani.

"Unaona mwanga?"

Chapuchapu akatoa pamba masikioni. "Nini?"

"Unaona mwanga, shemeji?"

"Sioni," akasema. "Giza."

Mlinzi mmoja akaleta mdeki, ule ufito mrefu wa kusafishia mitutu. Milimita akaupitisha kwa mbele, akasukuma taratibu, na risasi ikatoka kwa nyuma, ikadondokea kiganjani mwake: nyekundu, ndogo, namba ishirini imepigwa chapa kitakoni. Akatoa kalipa kwa mazoea, akaibana, lakini hakuisoma; aliitia mfukoni pamoja na kalipa. Nilikuwa nimeshafika katikati ya uwanja, sijui nilishukaje baraza. Yule mlinzi aliyesema ameipiga alikuwa amekaa benchini ameshika kichwa, anarudia, "Mungu wangu, Mungu wangu."

Mkuu wa kituo akapata sauti. "Ungeita! Ungepiga kelele! Kwa nini umefanya wazimu ule?"

"Ana pamba," mume wangu akajibu. "Nilikuwa na njia moja tu ya kumfikia, ile sheria. Sikuwa na nyingine."

"Na kama angeisahau?"

Milimita akainua tena mtutu, akatazama ndani. Mimi nilijua jibu. Usiku uliotangulia aliniambia tena kwa kinywa chake kwamba ndugu yangu anasikia huku anacheka.

Hapo Chapuchapu akageuka rangi. Nilidhani anatapika. Kumbe alikuwa anapandwa na hasira, hasira ambayo sikuwahi kuijua kwake, yeye mtu wa kucheka. Akainua mkono akampiga mume wangu kofi. Mkono wa kushoto, kofi la dharau, kofi ambalo mtu hampigi hata adui yake, sembuse shemeji mkubwa aliyemtafutia kazi. Lililia uwanja mzima.

"Ungenifanya nikuue!" akapiga yowe, machozi yakimwagika. "Mbele ya dada! Kidole kilikuwa kimeshabana, shemeji, kilikuwa kimeshabana! Ningeishije mimi? Niambie, ningeishije?"

Mabenchi yote yalisimama. Nilitaka kumrukia ndugu yangu nimrarue. Lakini mume wangu aliudaka ule mkono wa kushoto kabla haujashuka, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Akaugeuza upande wa kiganja, akaugeuza upande wa mgongo. Akavipapasa vidole kimoja kimoja, vyote, kama mtu anayepapasa mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mti. Shavu lake lilikuwa limevimba kwa alama ya vidole vile vile. Kisha yule mwoga wangu akaanza kulia kwa sauti.

Chapuchapu alijaribu kuuvuta mkono, akashindwa, akaacha. Wakakaa wote wawili chini kwenye majani. Nikawafikia. Nikakaa nao, nikaushika ule mkono na mimi, ulikuwa wa moto.